Udongo wa Kitovu

Kitu cha kwanza alichokiona Nzilani asubuhi ile ni mkebe. Ulikuwa umefudikizwa juu ya kigingi cha ua, umesuguliwa kwa majivu hadi ukang'aa, na ndani haukuwa na kitu. Watoto wengine wa pale Kathiani walikuwa na mikebe kama huo, ya siagi au ya maziwa ya unga, lakini yao ilijaa udongo tangu Jumapili na kufungwa mdomo kwa kitambaa. Lavender wa dukani alikuwa akitembea na mkebe wake nyumba kwa nyumba kama mtu anayetembeza keki ya harusi. Mkebe wa Kalunde ulikuwa msafi tu. Kila siku mtoto aliuosha, akaukausha, akaufudikiza tena, kana kwamba usafi ungemwita mtu wa kuujaza.

Nzilani aliuondoa kigingini, akauchungulia, akaurudisha.

"Usiguse," Kalunde alisema kutoka mlangoni mwa jiko, kiazi mdomoni. "Mwalimu alisema usiguswe mpaka mwenye kuujaza ajaze."

"Na nani atajaza?"

"Si ndio nakuuliza wewe kila siku? Wewe ulikuwa mkubwa nikizaliwa. Hukuona mwaitu akizika kitovu changu? Hata kwa kuchungulia tu?"

Nzilani aliinama akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. "Sikumwona," alisema.

Hakuwa amedanganya. Hakumwona mama akikizika kitovu kile kwa sababu aliyekizika ni yeye mwenyewe, Nzilani, na kitovu kilikuwa cha mtoto aliyetoka tumboni mwake.

Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, sketi ya shule ilipokataa kufungika. Mama hakumpiga. Alikaa kwenye kigoda akatazama moto, na kulipokucha akampeleka Kangundo kwa mama mdogo Kalondu, kule kwenye mashamba ya kahawa, akawaambia majirani kwamba msichana ameenda kumsaidia mgonjwa. Baadaye mama mwenyewe akaanza kujifunga matambara tumboni chini ya leso, akitembea polepole kwenda sokoni ili aonekane. Siku zilipotimia naye akaenda Kangundo. Waliporudi, mtoto alikuwa mgongoni mwa mama, na Nzilani amebeba kikapu. Baba alikuwa hai wakati huo, askari wa lango huko Nairobi; alikuja mwisho wa mwezi, akamwangalia mtoto, akamwangalia Nzilani, akasema, "Haya, tumepata mwingine." Hakusema zaidi mpaka alipokufa.

Nzilani alimnyonyesha chumbani, mlango ukiwa na komeo. Nje ya mlango alikuwa dada. Kalunde alijifunza kusema, akamwita mama "mwaitu", kama mtoto wa Kikamba amwitavyo mamaye, na yeye akamwita Nzilani, hivyo tu, kwa jina. Mwaka huu, kabla ya mvua ndefu kwisha, mama akaugua kifua. Siku za mwisho alimshika Nzilani mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. "Jambo letu usilifukue," alisema. "Niache nilale nikiwa mama yake." Nzilani akaitikia kwa kichwa. Mtu anayekufa utamkatalia nini?

Na sasa Siku ya Udongo ilikuwa imekuja.

Ilikuwa sherehe ya Chipukizi wa Kilima, kikundi cha watoto kinachokutana nyuma ya kanisa kila Jumamosi. Mwalimu Ndunda alikianzisha alipostaafu, kwa sababu alisema watoto wa siku hizi wanajua majina ya magari kuliko ya miti. Aliwapandisha milimani kwa miguu, akawafunza kutofautisha ndege kwa mlio na kufunga fundo lisilofunguka. Akawatungia pia sherehe. Mvua ya kwanza ilipoanguka walisimama wote uwanjani bila viatu, wamefumba macho na kufungua midomo, na hakuna aliyeruhusiwa kukimbia. Kijito kilipoanza kutiririka baada ya kiangazi, walikwenda kukiamsha kwa nyimbo, kila mmoja akatia jani. Lakini sherehe kubwa ilikuwa hii ya Novemba, ya watoto waliotimiza miaka kumi. Kila mmoja alipanda mche wa mukau, ule mti unaostahimili ukame, kwenye mteremko juu ya kijito, na shimoni, kabla ya mche, uliwekwa udongo kutoka mahali kitovu chake kilipozikwa. Mama ndiye aliyeujaza mkebe, kwa kuwa mama ndiye anayepajua. Mwalimu alimuuliza mbele ya watu ameutoa wapi, mama akasema, mtoto akamimina. Kisha Mwalimu akasema, "Mti na mtoto wamejuana," na watu wakapiga makofi.

Kwa watu wazima ilikuwa kama mchezo mzuri. Kwa watoto haikuwa mchezo. Waliamini kwamba mti uliopandwa kwa udongo usio wako hukauka, na kwamba wewe mwenyewe utazunguka duniani bila kujua kwenu ni wapi.

*

Mchana ule mjomba Mulwa alifika kutoka Athi River. Alikuwa ndugu wa mama, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Hakuwa mtu mbaya. Mkononi alikuwa na mkate, sukari, na begi jipya la rangi ya zambarau lenye picha ya kipepeo.

"Nzilani! Mbona umekonda hivi? Unakula ama unaangalia tu sufuria?"

"Nakula, mjomba."

"Unakula upepo. Hebu nipe chai. Kalunde yuko wapi? Mama, njoo uone begi yako!"

Kalunde, aliyezoea kuitwa mama na mjomba, alikuja, akalipokea begi kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda kuliweka kitandani bila kulifungua. Mjomba alimwangalia akienda, akapunguza sauti.

"Jumamosi hiyo sherehe yao ikiisha tunaondoka moja kwa moja. Mke wangu ameshatandika kitanda. Shule iko karibu, ukikohoa mlangoni mwalimu anasikia."

Nzilani alikuwa amesimama na birika. Kwamba siku hii ingekuja alijua tangu mazishi, ila alikuwa ameiona kwa mbali, kama mtu anayeona mvua mlima wa pili na bado anaanika nguo.

"Mimi ninaweza kumlea, mjomba," alisema.

"Wewe? Wewe ni msichana. Leo unachuma maharagwe ya watu, kesho unaolewa. Huyo bwana utamwambia nini, ati umekuja na mdogo wako? Hakuna mwanamume wa hivyo, nakuambia mimi niliye mwanamume." Alicheka, kisha akaacha. "Sikia. Angekuwa na mama yake, ningemgusa? Mtoto na mama yake, mimi ni nani niwatenganishe? Lakini mama yake tulimzika pamoja. Sitamwacha mtoto wa dada yangu hivi hivi, watu wakaniuliza."

Nzilani aliweka birika chini. Pale pale njia ilikuwa wazi. Ilikuwa kuvuka tu.

"Mjomba, kuna jambo."

"Sema."

"Kalunde..."

"Eeh. Kalunde. Amefanya nini?"

Alifungua mdomo. Akaona mkono wa mama ukiwa juu ya blanketi. Akaona uso wa Kalunde atakapojua kwamba watu wote aliowapenda walimdanganya tangu siku ya kwanza, na kwamba mdanganyifu mkubwa kuliko wote alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

"Hajafanya kitu," alisema.

"Nguo zake umefua?"

"Nimefua."

"Basi hakuna jambo," alisema mjomba Mulwa, akachovya mkate kwenye chai.

Jioni aliuona mkebe kigingini, akauliza ni wa nini. Kalunde alimweleza yote, kuhusu udongo na mti na mama. Mjomba alisikiliza akitikisa kichwa. "Ni udongo tu unawanyima usingizi? Nitaujaza mimi. Hii boma yote ni udongo."

Kalunde alimwangalia Nzilani, na macho yale Nzilani hakuweza kuyavumilia, akaingia jikoni.

*

Asubuhi ya Ijumaa aliaga kwamba anakwenda kibarua. Alikwenda Kangundo.

Hakuwa amekanyaga huko tangu siku ile ya kikapu. Alitarajia kahawa, ile mistari mirefu ya kijani yenye kivuli cha baridi, na mbuni ule mmoja wa kahawa uliokuwa karibu na jiwe la kufulia. Pale chini ya mbuni ule alichimba kwa kijiko cha kupakulia, damu bado ikimtoka, mama akiwa ndani anamfunga mtoto nguo. Hakuna aliyemtuma. Alifikiri tu kwamba kama mtoto hatakuwa wake, hicho kidogo angalau akizike yeye.

Hakukuwa na kahawa. Kulikuwa na nyasi za ng'ombe, na miparachichi michanga, na pale alipotafuta jiwe kulikuwa na banda la ndama lenye sakafu ya simiti.

"Hee! Huyu ni Nzilani ama ni mzimu wake?" Mama mdogo Kalondu alitoka akiburuta mguu mmoja, fimbo mkononi. "Njoo nikuone. Unafanana na mama yako mpaka unatisha. Mbona unalia?"

"Kahawa iko wapi?"

"Kahawa! Tuling'oa zamani. Ilikuwa inatula badala ya sisi kuila. Ni kahawa umekuja kulilia?"

Nzilani alimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu maneno yake daima yalitoka moja moja kama kuku wanaotolewa kibandani. Kalondu alisikiliza, akaketi juu ya ndoo.

"Mulwa anamchukua lini?"

"Kesho."

"Na hajui."

"Hajui."

"Nilimwambia mama yako. Nilimwambia, huyu msichana utamnyang'anya mtoto wake kila siku mpaka lini? Alininunia mwaka mzima." Alipangusa uso kwa kiganja. "Ningekuwa na miguu ningekuja niseme mwenyewe. Wewe si useme?"

"Hayatoki, mama mdogo. Yanafika hapa," akagusa koo, "yanakauka."

"Basi mtoto atakwenda."

"Najua."

"Unajua na umesimama hivyo?"

Nzilani aliingia bandani, ndama akamnusa mgongo. Alipiga magoti akapapasa ukingo wa simiti kwa vidole mpaka akalipata jiwe. Mafundi hawakuling'oa, walikuwa wamelimeza nusu ndani ya ukuta, nusu imebaki nje, bapa na laini kama zamani. Kati ya jiwe na simiti kulikuwa na ufa. Aliomba panga, akaingiza ncha ufani, akaanza kukwangua. Udongo ulitoka kidogo kidogo, mwekundu wa giza, umechanganyika na mikojo ya ndama na mchanga wa fundi.

"Utavunja ukuta wangu," Kalondu alisema. "Chota hapo nje penye ulaini, mtoto hatajua."

"Nitajua mimi."

Alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, kubwa, na Kalondu akawa anasema kitu lakini hakikusikika. Hatimaye alipata konzi tu, konzi moja ya udongo uliotoka chini kabisa, ambao haukuwa na mchanga. Aliufunga kwenye pindo la leso, akapiga fundo, akakaa pale sakafuni na kulia kwa sauti, kwa kuwa mvua ilikuwa na kelele za kutosha.

Kitovu chenyewe hakikuwapo tena. Kilishaoza, kikawa kahawa, kahawa ikawa majivu. Alilijua hilo. Lakini mikono yake isingekubali udongo mwingine.

*

Jumamosi kulikuwa na jua jepesi baada ya mvua, na mteremko ulinuka majani. Mashimo yalikuwa tayari. Akina mama walisimama juu, watoto chini karibu na kijito, kila mtoto na mche wake kifuani. Mwalimu Ndunda alivaa kofia yake pana, firimbi shingoni, na alikuwa na furaha ya mtu anayemwoza binti.

Mjomba Mulwa alisimama mbele kabisa. Miguuni pake palikuwa na begi la kipepeo, limejaa. Mkononi alishika mkebe wa Kalunde, umejaa. Alikuwa ameujaza asubuhi hiyo nyuma ya jiko, kwa jembe, akipiga mluzi.

Nzilani alisimama nyuma ya wote. Fundo la leso lilikuwa ndani ya ngumi yake.

Mama Lavender aliitwa wa kwanza. "Nimeutoa nyuma ya duka, chini ya mpapai," alisema kwa fahari. "Na mbwa wa jirani alijaribu kukifukua siku hiyo hiyo, nikamfukuza na sufuria!"

Watu walicheka. "Ndio maana Lavender anapenda kubweka," mtu akasema, wakacheka zaidi, na Lavender mwenyewe akabweka. Akamimina udongo, akapanda, Mwalimu akasema maneno yake, makofi yakapigwa. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja kitovu chake kilikuwa zizini, mmoja kwenye mgomba. Kila mama aliposema mahali, sauti yake ilibadilika kidogo, hata wale waliozoea mzaha.

"Kalunde," Mwalimu aliita.

Mjomba Mulwa alipiga hatua, akanyoosha mkebe.

"Karibu, bwana Mulwa. Umesimama mahali pa marehemu, Mungu amrehemu. Udongo umeutoa wapi?"

"Nyumbani kwa dada yangu, nyuma ya jiko."

"Ndipo penyewe?"

"Mwalimu, udongo ni udongo!" Watu walicheka, kwa upole, kwa ajili ya mtoto.

Sasa, Nzilani alijiambia. Nenda sasa. Miguu haikwenda. Alijiambia tena, na bado alisimama nyuma ya wote.

Kalunde aliuinamisha mkebe juu ya shimo, akasita. Akaingiza vidole ndani. Akatoa kipande cha ganda la yai.

"Mwalimu," alisema, "huu ni wa pale tunapotupa takataka. Naujua."

"Kitovu chako kiko kwa yai!" Lavender alipiga kelele. "Wewe ulianguliwa!"

Watoto walicheka mpaka mmoja akaketi. Kalunde hakulia. Aliweka mkebe chini polepole, akaukumbatia mche wake na mfuko wake mweusi wa nailoni, akarudi nyuma.

"Basi sipandi."

"Kalunde, panda mama," mjomba alisema. "Panda twende, magari yatajaa."

"Utakauka. Sipandi. Nitaubeba tu niende nao."

"Uende nao Athi River? Ukaupande kwa simiti?"

Ni neno hilo lililomsukuma. Nzilani hakuweza baadaye kusema ni kwa nini, ila aliliona banda la ndama na jiwe lililomezwa, na miguu ikaanza. Alipita katikati ya akina mama, akamkanyaga mtu, hakuomba radhi. Alipiga magoti kando ya shimo. Fundo lilikataa, akalifungua kwa meno. Udongo ule kidogo ukaonekana, mwekundu wa giza. Watu waliokuwa wakicheka waliacha.

"Nzilani?" Mwalimu Ndunda, aliyemfundisha zamani, alichuchumaa karibu naye, akasema kwa sauti ya darasani, ile ya mtoto asiyejua jibu. "Umeutoa wapi?"

"Kangundo."

"Sema wasikie."

"Kangundo."

"Kangundo?" Mjomba Mulwa aligeuka. "Kangundo kuna nini? Nilivyoambiwa, dada yangu alijifungulia kwake, si Kangundo. Nani amekutuma huko?"

Miongoni mwa akina mama, mzee mmoja, aliyekumbuka ni nani aliyetangulia kwenda Kangundo mwaka ule, alifunika mdomo kwa leso. Jirani yake alimtazama, akaacha kumtazama. Ukimya ulianza pale ukateremka mpaka kwa watoto, ambao hawakujua wananyamazia nini.

"Ni nani aliyekizika?" Mwalimu aliuliza polepole. Uso wake ulionyesha kwamba ameshaanza kuelewa, na kwamba anatamani asingeuliza.

Nzilani alifungua mdomo. Hapo ndipo maneno yalipofika, hapo hapo pa siku zote, na hapo ndipo yalipokauka. Alimtazama Kalunde akaona mtoto anangoja, mche kifuani, kidevu juu ya majani. Alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Kilichotoka ni pumzi tu.

Mjomba Mulwa alijipiga kiganja pajani. "Haya. Msichana amechoka tangu mazishi, nilisema. Mwalimu, tusamehe, endelea na wengine." Alichukua begi la kipepeo akalitupa begani. Akamshika Kalunde mkono, kwa upole, kama mtu anayevusha mtoto barabara. "Twende, mama. Mti tutautafutia mahali."

Kalunde alikwenda. Hakuvuta mkono wala hakupiga kelele. Alikuwa mtoto aliyefunzwa kutii, na aliyemfunza ni Nzilani. Walipanda mteremko hatua kwa hatua, mche ukiyumba. Akina mama wakapisha njia. Mwalimu Ndunda alisimama, akashika firimbi, hakuipuliza. Mbele kulikuwa na kanisa, na baada ya kanisa barabara, na baada ya barabara hakukuwa na kitu chochote ambacho Nzilani angeweza kukizuia maisha yake yote.

Kalunde aligeuka mara moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaaga.

"Mwache!"

Nzilani hakuitambua sauti. Ilikuwa kubwa, mbaya, ya mtu anayefukuza kitu shambani. Ndege walitoka mtini ng'ambo ya kijito. Mjomba Mulwa alisimama.

"Mwache mtoto, mjomba. Ulisema akiwa na mama huwezi kumgusa. Anaye." Alikuwa bado amepiga magoti, udongo kwenye kiganja, na sasa maneno yalikuwa yanatoka yote pamoja, yakikanyagana. "Si mama aliyemzaa. Mama alijifunga matambara. Nilimzaa mimi kwa mama mdogo Kalondu, na kitovu nilikizika mimi kwa kijiko, chini ya mbuni, hakuna aliyeniona. Mama alinikataza nisiseme. Mwaitu, nisamehe huko uliko, siwezi tena."

Mjomba Mulwa aliliteremsha begi kutoka begani. Mkono wake ulikuwa umeuachia ule wa mtoto bila yeye kujua.

Kalunde alibaki pale katikati ya mteremko, peke yake, si kwa mjomba wala si kwa Nzilani. Mche aliukumbatia kwa mikono miwili. "Wewe?" aliuliza. "Kwa nini hukusema? Ulikuwa hunitaki?"

Nzilani angeweza kumweleza aibu, na umri wake, na ukimya wa baba, na ahadi ya kitandani. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Machozi yalimteremka hadi kwenye udongo kiganjani, akaufumba ili usilowe.

"Tuliporudi kutoka Kangundo ulikuwa mgongoni mwa mama, mimi niko nyuma na kikapu," alisema. "Nililia njia nzima. Watu walidhani nalilia shule. Sikulilia shule, Kalunde. Nilikuwa nakutaka."